Mizani Yangu Haisemi Uongo

Jumatatu, 4 Novemba

Sijapata kushtuka namna hii tangu nianze kazi katika maabara hii, na nimeanza zamani.

Asubuhi, kahawa haijapoa, Profesa Hesselbarth kasimama mbele yetu sote, katangaza kwamba ipo nafasi moja ya ajira ya kudumu. Moja tu. Kisha kanitazama mimi, kamtazama Gesine Wuttke, kasema hawezi kwenda kuitetea nafasi hiyo mbele ya wakubwa wakati maabara yake ina namba mbili kwa fuwele moja. "Jumatatu ijayo nataka namba zenu zielewane," kasema. "Basi." Kachukua kikombe chake, kaenda zake.

Zielewane! Mimi nimeelewa papo hapo. Nafasi moja, watu wawili. Mmoja atabaki, mmoja atafungasha.

Nieleze kidogo, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wasioijua kazi yetu, nikishapata tuzo. Zeoliti ni fuwele yenye vitundu vidogo sana, ni molekuli tu zinazopita humo. Ukiipa gesi, tuseme butani, ile iliyomo kwenye kiberiti cha gesi, molekuli zinaingia. Nyingine zinanata kwenye kuta za ndani, nyingine zinatembea kutoka kitundu hadi kitundu. Watu wanataka kujua mambo mawili, zinanata kiasi gani na zinatembea kwa kasi gani. Wenye viwanda vya mafuta ndio wanaotaka kujua kuliko wote.

Mimi napima kwa mizani. Naweka fuwele kwenye kisahani kinachoning'inia ndani ya bomba la kioo, nanyonya hewa yote, nafungulia gesi, uzito unapanda, na kupanda kwake kunachorwa kama mstari kwenye karatasi. Ukipanda haraka, molekuli zinatembea haraka. Kazi safi, hata muuza viazi anaielewa. Gesine anapima kwa sumaku. Anafungia fuwele na gesi ndani ya kijichupa, anakitumbukiza kwenye sumaku kubwa kuliko jokofu, na eti sumaku inamwambia molekuli zimetembea umbali gani. Eti.

Namba yake ni mara elfu ya yangu. Kwake molekuli zinakimbia. Kwangu zinajikokota kama mimi nikienda kung'olewa jino.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Nikiikosa nafasi, yupo shemeji yangu Ingolf, mume wa dada yangu Kerstin, mwenye ghala la mchanga wa choo cha paka kule Grimma. Kila Krismasi ananikumbusha kwamba kuna kiti kinaningoja. Daktari mzima wa sayansi, na mchanga wa paka! Naogopa kweli kweli.

Jumanne, 5 Novemba

Ujasiri wa watu unanishangaza.

Gesine kaja mpaka kwenye mizani yangu, mikono mfukoni, katazama kisahani, katikisa kichwa. "Ottokar, mwenzangu, unarundika mno," kasema. "Weka punje chache, kiasi cha ncha ya kisu. Zitandaze, zisipandiane. Ukirundika, gesi inahangaika kupenya kwenye rundo, na wewe unapima rundo, hupimi fuwele."

Hakuishia hapo. Kasema gesi ikinata inatoa joto, na rundo linakaa na joto lake kama sufuria ya viazi iliyofunikwa. Fuwele yenye joto haishiki gesi mpaka ipoe. Kwa hiyo, kasema, mstari wangu wote mzuri ule ni wa kitu kinachopoa tu.

Nikamshukuru kwa tabasamu. Moyoni nilikuwa nimeshaiona hila yake. Punje chache maana yake uzito mdogo. Uzito mdogo maana yake mstari hautikisiki. Anataka nisimame mbele ya Profesa Jumatatu na mstari uliokufa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu anakula keki meza moja nami kila wiki.

Nimefanya kinyume. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu leo kimejaa. Nimeongeza fuwele mara mbili ya zile za asubuhi, rundo likasimama kama kichuguu. Nikafungulia gesi.

Matokeo ni ya kushtua. Mwanzo molekuli zangu zilikuwa polepole mara elfu kuliko zake. Sasa ni mara elfu nne. Nimefurahi sana. Kadiri fuwele zinavyozidi ndivyo ushahidi unavyozidi. Gesine atalia.

Jumatano, 6 Novemba

Siku mbaya.

Fuwele zetu si za kawaida. Ni kubwa, kila moja kama punje ya chumvi laini, na huchukua wiki nyingi kuota. Mara nyingi hukataa kabisa. Maabara nzima tunayo chupa moja tu, ndogo kuliko kidole gumba, inakaa kabatini na kila mtu anachota kidogo kwa adabu. Leo asubuhi nimeimimina yote kwenye kisahani changu. Niliona kama elfu nne inawezekana, kwa nini isiwe elfu kumi?

Sasa, pampu ya kunyonya hewa hufunguliwa pole pole. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyebandika karatasi ya onyo juu yake, kwa herufi kubwa. Lakini nilikuwa na haraka, na karatasi niliiandikia wengine. Nikafungua valvu yote kwa mara moja.

Rundo liliruka. Lilipanda juu kama bisi kwenye sufuria, likaingia bombani, likatoweka. Kisahani kikabaki kinabembea, cheupe, kitupu. Nilijaribu kufunga valvu, lakini ya nini tena? Miezi ya jasho la watu ilikuwa imepita mbele ya pua yangu.

Profesa Hesselbarth akaingia wakati huohuo. Kaangalia kisahani. Kaangalia karatasi yangu ya onyo. Kasema neno moja tu: "Keki."

Ni sheria ya maabara yetu. Siku yako ya kuzaliwa, unaleta keki. Umeoa, keki. Umevunja kitu, keki. Ukija, keki, na ukiondoka, keki. Basi nikakimbia dukani nikanunua ya kwenye karatasi. Profesa kaigeuza, kasoma tarehe ya mwisho ya kuliwa, kaniuliza kama na tanuri langu la nyumbani nimelivunja. Wote wamecheka. Mimi sikuona kichekesho.

Gesine alikula kipande chake chote. Kisha kaniambia nisiwe na wasiwasi, aliwahi kuweka akiba kidogo ya fuwele, ataona la kufanya.

Akiba! Nimeganda. Kumbe muda wote huu alikuwa amejiwekea zake pembeni. Na watu wanamwita mtu mwema.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo nimefanya jambo kubwa. Naandika kwa utulivu.

Asubuhi Gesine katuandikia sote: karibuni keki saa tisa, nina neno la kuwaambia. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nikajua kavunja sumaku. Nikaenda kuchungulia. Sumaku ilikuwa inanguruma salama kabisa. Basi nikaitazama keki yenyewe jikoni. Keki ya jibini na mayai ya kwetu Saksonia, tabaka tatu, kubwa kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, kaioka mwenyewe. Hakuna mtu anayeoka hivyo bila sababu.

Nikapata jibu. Ni rushwa. Anawalisha wote, Profesa akiwemo, siku nne kabla ya uamuzi. Na hilo neno la kuwaambia ni majigambo kuhusu namba yake. Nimeshtuka kuona mambo yamefika hapo, hapa kwetu Leipzig, kwenye sayansi. Nikaamua siendi. Kipande hata kimoja sitaonja, ingawa harufu ilinifuata mpaka kwenye ngazi.

Saa tisa korido ilikuwa tupu. Nikachukua birika la umeme, ambalo nilikuwa nimelitoa jikoni kabla wenzangu hawajaingia, nikaenda nalo chumbani kwa Gesine.

Akiba yake nilishaiona tangu asubuhi. Kisahani kidogo cha kioo, kimefunikwa, ndani ya sanduku la kukaushia. Zeoliti kavu inapenda maji kuliko kitu chochote duniani, kuliko butani, kuliko mimi ninavyopenda soseji. Ikishakunywa mvuke vitundu vyake vyote vinajaa, na gesi ikija inakuta mlango umefungwa. Nikaweka birika, nikafunua kisahani, nikaacha maji yachemke. Mvuke ukashuka taratibu juu ya fuwele. Nikagusa kioo. Kilikuwa kimepata joto chenyewe, zilivyokuwa zinakunywa kwa pupa.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," nikamwambia Gesine, ingawa hakuwepo.

Huko jikoni walicheka, kisha wakapiga makofi, marefu. Makofi kwa ajili ya keki! Nikafunika kisahani, nikafuta sanduku. Nilipotaka kulirudisha birika nikasikia watu koridoni wanaulizana limekwenda wapi, mbona kahawa haipatikani. Nimelificha kabatini kwangu, nyuma ya koti la mvua.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeshtuka mpaka njaa imekatika.

Asubuhi habari ilikuwa moja tu, birika. Jana wamekula keki kwa maji ya bomba. Profesa kasema aliyelichukua anajijua. Nikatingisha kichwa pamoja na wenzangu kwa masikitiko.

Halafu Gesine kaja chumbani kwangu, mkononi ana kile kisahani. Kilekile. Kakiweka mbele yangu. "Hizi zako," kasema. "Ndizo za mwisho. Nimezikausha pole pole tangu juzi, siku nzima na usiku kucha, ili usipoteze muda. Ziweke moja kwa moja kwenye mizani. Chache, Ottokar. Tandaza."

Nikauliza, na wewe utapima nini? Kasema vichupa vyake alishavifunga kwa moto tangu Jumanne, kioo kimeyeyushwa mdomo, hata upepo hauingii. Kakiinua kisahani juu anionyeshe chini yake. Kulikuwa na maandishi mekundu: PRASSE. Jina langu. Jana sikutazama chini. Nani hutazama chini ya kisahani?

Nikasema asante.

Kaniuliza kwa nini sikuja kula keki jana. Nikasema tumbo. Kanitazama kwa huruma, kasema basi, neno lake atanieleza Jumatatu, si vibaya nikalisikia pamoja na namba. Nimelichukulia kuwa ni kitisho.

Alipotoka nikafikiri haraka. Zimelowa, basi zikaushwe upya. Kanuni inasema joto lipandishwe kidogo kidogo, usiku kucha, kwa sababu maji yakitoka kwa kishindo yanapasua fuwele. Lakini kesho asubuhi lazima niwe bustanini kwa Ingolf, ni siku ya kufunga maji kabla ya baridi, yasije yakaganda na kupasua mabomba, na Kerstin hasamehi mtu anayekosa. Na tanuri siliachi peke yake wakati Gesine ana ufunguo wa jengo. Maji ni maji, nikasema, yatatoka tu. Nikapandisha mpaka nyuzi mia nne papo kwa papo.

Nilisikia milio midogo midogo, kama chumvi ikitupwa motoni. Nikajiambia hiyo ni sauti ya kukauka.

Nilipofungua nilikuta unga. Unga mweupe kama poda ya mtoto mchanga. Hakuna fuwele hata moja iliyosalia nzima. Nimekaa sakafuni kwa muda, mgongo umeegemea tanuri lenye joto. Jumatatu nitasimama na nini?

Jumamosi, 9 Novemba

Mungu hamtupi mja wake. Nimeokoka, na aliyeniokoa ni Ingolf. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo maishani.

Bustanini, ambako watu wengi wamegawana vijishamba, kila mtu alikuwa kwenye chake, anafunga mabomba, anafunika mawaridi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia, nimeshika tama. Ingolf kaniuliza msomi wetu kapatwa na nini. Nikasema zeoliti. Kacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Shemeji, hapo ulipo umekalia zeoliti," kasema.

Niliruka kama nimekalia kaa la moto. Nikasoma gunia. Kweli! Mchanga wa paka, zeoliti ya asili asilimia mia, imechimbwa Slovakia. Ingolf kanieleza kwa fahari kwamba ndiyo inayonyonya vizuri kuliko zote, na toleo hili la sasa paka wenyewe wanaligombania. Nikashangaa jinsi nilivyomdharau mtu huyu miaka yote.

Zeoliti ni zeoliti. Ina vitundu, ina kuta. Nani atajua tofauti? Mstari kwenye karatasi hauna sura.

Nikajaza kikombe. Kerstin kaniona. Kaniuliza cha nini. Nikasema cha paka wa jirani yangu. Kasema jirani yangu ana mbwa. "Ottokar," kasema, "hilo unalolifikiria usilifanye." Sijui wanawake hujuaje. Nimefunga maji yote ya bustani bila kulalamika ili asiulize tena.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefanya kazi peke yangu maabarani, nimetulia. Nimesaga, nimechekecha, nimeweka kwenye kisahani. Rundo la heshima, limefika ukingoni. Safari hii valvu nimeifungua pole pole. Wanaosema sijifunzi waone.

Nilipoupasha joto mchanga, chumba kikaingiwa na harufu nzuri, kama ya bibi harusi. Nikajua ni marashi ya Gesine, maana anapenda kuzungukazunguka humu. Nikafungua dirisha.

Nikafungulia butani. Mstari ulipanda kidogo, ukalala. Ukalala kabisa. Mwanzo nilikata tamaa. Kisha nikashtuka, lakini kwa furaha: nimegundua kitu! Fuwele inaikataa butani. Inaifungia mlango. Dunia nzima inahangaika kupima mwendo wa ndani, na mimi nimeonyesha kwamba hakuna mwendo wa kupima. Namba yake mara elfu, mara laki, hazina maana tena. Sumaku yake ilikuwa inaota.

Nimeandika hotuba. Nimepiga pasi shati la bluu. Kesho saa hizi nitakuwa na ajira mpaka uzeeni.

Jumatatu, 11 Novemba

Nitaandika ninavyoweza.

Nimesimama mbele ya wote. Nimeonyesha mstari. Nimesema fuwele inakataa. Watu wamenyamaza, nami nikaona ni heshima. Profesa Hesselbarth alikuwa ananusa. Kanusa kushoto, kanusa kulia, kainuka, kafuata pua yake mpaka kwenye mizani yangu mlango wa pili.

"Bwana Prasse," kasema akiwa huko huko, "kwa nini mizani yako inanukia waridi?"

Nikasema marashi ya Dokta Wuttke. Gesine kasema hajawahi kujipaka marashi, yanamletea chafya.

Profesa karudi na kisahani. Kamimina mabaki kwenye kioo cha hadubini, kainama, kaangalia muda mrefu. Kainua kichwa. Kasema humo ndani kuna vipande vya bluu. Kasema vipande hivyo anavifahamu. "Nina paka wawili nyumbani," kasema. "Gunia moja linawatosha miezi miwili. Toleo la waridi."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Jumatano kwa keki ya dukani walicheka, leo hakuna.

Kisha Profesa kakaa, kavua miwani, kaongea polepole, bila hasira, na kila neno limenipiga. Kasema nafasi ile ilikuwa yangu. Tangu mwanzo ilikuwa yangu. Gesine anaondoka Januari, kapata kazi Trondheim, sumaku mpya na kila kitu. Kilichohitajika ni mimi nilete namba moja tu ya mizani inayoelewana na ya sumaku, ili wakubwa waone mizani yetu na mwenye mizani wanaaminika. "Ndiyo maana nilisema zielewane, Bwana Prasse. Sikusema mshindane."

Nikamgeukia Gesine. Kasema aliwaambia wote Alhamisi, kwenye keki. Keki ilikuwa ya kuaga. Ndiyo maana walipiga makofi. Kasema alinitafuta, alitaka nilisikie kwake, na alikuwa anataka sana aniache pale nikiwa na ajira. "Nilikuwekea fuwele, Ottokar. Nilikukaushia." Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Akikulilia hujui.

Nilikwenda chooni nikalia. Naandika kwa sababu ni kweli. Kazi hii naipenda. Ule mstari ukianza kupanda asubuhi, hakuna mtu mwingine ndani ya chumba, naupenda kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Mchana wamekuta birika kabatini kwangu. Kufikia hapo halikumshtua mtu.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya mwisho. Wakubwa wameipeleka nafasi kwenye maabara ya ghorofa ya chini, wanakopima saruji.

Ukiondoka, keki. Kerstin kanipikia ya tufaha, kaniambia nisimwambie mtu kwamba nimeoka mwenyewe. Nimewaambia nimeoka mwenyewe. Profesa kala vipande viwili. Nimeshangaa kwamba mtu anaweza kuwa na hamu ya kula namna hiyo siku kama hii. Ama kweli wanafurahi kuniona naondoka.

Gesine kaja na karatasi. Kasema kwenye bomba la pampu, kabla ya pampu yenyewe, kuna kijichupa cha kioo cha kunasia vumbi. Kakifungua wiki iliyopita. Fuwele zangu zilizoruka zilikuwa humo, nzima, zimelala chini. Mimi sikuwaza kuangalia. Kachukua chache kwa ncha ya kisu, kazikausha usiku kucha, kazitandaza kwenye mizani yangu, kafungulia butani kidogo tu. Namba imetoka. Kaiweka karibu na ya sumaku. Zimeelewana, tofauti yake haizidi unywele.

Nimeitazama karatasi ile mpaka kahawa ikapoa. Mizani yangu, kisahani changu. Haikuwahi kusema uongo. Ilikuwa inajibu sawasawa swali nililoiuliza, na mimi nilikuwa naiuliza kuhusu marundo.

Kasema ataichapisha, na jina langu litatangulia, kwa kuwa mizani niliijenga mimi. Kanikumbatia. Nikamkatia kipande cha keki.

Kwenye tramu nimepata nafasi ya kufikiri vizuri. Jina langu litangulie kwa nini? Hakuna mtu anayempa mwenzake nafasi ya mbele bure. Bila shaka namba ina kasoro, na lawama zikija anataka zinikute mimi mlangoni. Nimeshtuka kuona kwamba nusura nimshukuru.

Alhamisi, 12 Desemba

Grimma. Wiki ya pili kwa shemeji Ingolf. Kiti kipo kweli, kina mto.

Kazi yenyewe si mbaya. Napima jinsi mchanga unavyonyonya. Ingolf kasema mwaka ujao atahitaji msimamizi wa upimaji kwa maduka ya ng'ambo, mtu mmoja tu. Hapa kuna mama mmoja, Bibi Noack, amepima mchanga huu tangu ghala lifunguliwe. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Leo asubuhi kaja kusimama nyuma yangu, miwani puani. "Mwanangu," kasema, "chukua kijiko kimoja tu, ukitandaze kwenye sinia. Ukijaza, maji yanaishia juu, chini pakavu, unapima rundo."

Nilipigwa na butwaa. Maneno yaleyale! Watu hawa wanafundishana wapi? Nikamshukuru kwa tabasamu. Alipogeuka nimejaza ndoo mpaka ukingoni.

Saa tisa kaleta keki ya Krismasi, ya zabibu, imejaa sukari ya unga, kasema ana neno la kutuambia. Wote wamekwenda. Mimi nimesema tumbo linauma. Ghala lote ni tupu sasa, na sinia lake la kesho liko hapa mezani, kavu kabisa, limefunikwa kwa kitambaa. Birika la ofisini nilishaona jana linapowekwa.